Bujumbura: Ziwa Asubuhi, Mlima Kabla ya Mvua

Ufukwe wa Bujumbura uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Soko la Bugarama, lililo mbali na jiji kwa kilomita zisizofika 40, liko juu ya mita 2,000. Asubuhi utatoka kando ya ziwa na fulana, na Bugarama utashuka garini ukitafuta sweta. Ni miji michache Afrika Mashariki inayokupa ziwa lenye kina cha mita 1,470 na milima yenye ukungu katika siku moja. Ila hapa michezo ya majini na matembezi ya milimani hayauzwi kwa vifurushi. Utayapanga mwenyewe, na la kwanza kupanga ni saa.

Anza na ziwa. Tanganyika hutulia asubuhi, kisha mchana upepo huinuka na mawimbi hufuata. Kama unataka mtumbwi au boti, panda mapema, na usipande chombo kisicho na jaketi la kuokolea hata nahodha akuapie kwamba maji ni shwari. Fukwe zinazojulikana ni Saga, Bora Bora na Karera, zote upande wa barabara ya Gatumba. Kabla ya kwenda, ulizia hali yake. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni, na mwaka 2024 yalikaribia kimo cha mwaka 1964. Yalifunika sehemu za fukwe na kuwahamisha watu wengi wa Gatumba makwao.

Kiboko ndiye wa kuogopwa zaidi. Giza likiingia hutoka majini kula majani, na Bujumbura huonekana hadi kwenye bustani za watu. Usisimame kati yake na maji, maana hapo ndipo anaposhambulia. Jua huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa 12 jioni, na mandhari hiyo haifai kukoswa, lakini itazame ukiwa kwenye baraza la hoteli au mgahawa, si ukiwa umekaa mchangani peke yako. Usiogelee karibu na mdomo wa mto Rusizi, kuna mamba. Epuka pia kingo zenye matete na maji yaliyotuama, ambako konokono wa kichocho huishi. Ukipata homa wiki chache baada ya safari, mweleze daktari kwamba uliingia ziwani, na akupime malaria pia.

Mdomo huo wa Rusizi unastahili asubuhi nzima. Ni hifadhi ya taifa. Ingia na mwongozaji wa hifadhi, kwa boti kama ziwa limetulia, uone viboko na ndege wa majini. Mwezi wa Novemba 1871 wavumbuzi Livingstone na Stanley walifika hapa kwa mtumbwi kutafuta jibu la swali moja: Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Waliukuta unaingia, na hapo ikafutika dhana kwamba Nile huanzia Tanganyika kupitia mto huo. Kusini mwa jiji, Mugere, kuna jiwe lenye tarehe 25 Novemba 1871, kumbukumbu ya kulala kwao pale. Ukiambiwa ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza, usikubali. Hilo lilitokea Ujiji.

Mlimani panda saa 12 asubuhi. Barabara ya Bugarama ina kona nyingi, na utakutana na vijana wa baiskeli wanaoteremka kwa kasi na mikungu ya ndizi, wengine wakipanda kwa kushikilia nyuma ya malori. Hao wako kazini, na wengine wamepoteza maisha katika barabara hiyo. Mwambie dereva wako apunguze mwendo na awape nafasi. Bugarama utanunua kabichi na karoti, kisha uendelee hadi mashamba ya chai ya Teza, pembezoni mwa msitu wa Kibira. Msituni usiingie bila mwongozaji wa hifadhi, na ulizia kwanza hali ya usalama.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti. Machi na Aprili mvua hubomoa miteremko, na mito inayokatiza jiji, kama Ntahangwa, hula kingo zake. Usiku mmoja wa Februari 2014 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa Bujumbura. Mvua kubwa ikianza, ahirisha safari ya mlima.

Asiye na siku ya Bugarama apande kwa miguu hadi Vugizo, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa 13 Oktoba 1961. Kutoka pale utaliona jiji lote na ziwa.

Chakula cha hapa ni samaki: mukeke wa kukaanga au wa kuchoma, na ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane. Ukikuta mukeke ameadimika wakati kama huo, agiza kitu kingine bila kulalamika.

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda huingia bila viza. Beba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kutoka Kigoma, njia ya Manyovu na Mugina hukuteremsha kandokando ya ziwa kupitia Rumonge. Usipange kupitia Rwanda kabla ya kuulizia, kwani Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na jirani huyo. Mafuta ya gari huadimika mara kwa mara, hivyo kubaliana na dereva siku moja kabla, na umuulize kama tangi limejaa. Bajaji na pikipiki zilizuiwa katikati ya jiji Machi 2022. Jumamosi asubuhi ni saa za kazi za jamii na magari husimama, kwa hiyo safari ya mlimani iweke Jumapili.