Kifua Kikuu: Kupata Nafuu si Kupona

Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini mkazi wa mji wa leo hana nafasi ya kusubiri. Pesa hutumwa kwa simu zikafika papo hapo, na chakula huletwa mlangoni kwa pikipiki. Ukishazoea hayo, ni rahisi kudhani kwamba hata maradhi yatatoka mwilini kwa kasi hiyo hiyo. Kifua kikuu hakikubali haraka hiyo.

Ugonjwa huu unatibika, na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya serikali. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa hutumia dawa 4: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata hutumia rifampisini na isoniazidi pekee.

Hatari huingia katikati ya safari. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, jasho la usiku hukoma, hamu ya chakula hurudi na nguo zilizokuwa zikipwaya huanza kukaa vizuri. Mgonjwa hujiuliza, "Nameza dawa za nini, nami ni mzima?" Msomaji, usidanganywe na nafuu hiyo.

Kwa nini miezi yote hiyo?

Bakteria wengi wa kawaida, wakipata mazingira mazuri, huweza kuzaana kila baada ya dakika 20 au 30. Yule wa kifua kikuu huchukua takriban saa 20. Baadhi yao hujificha mwilini wakiwa kama wamelala. Dawa huwaua upesi wale walio macho na wanaozaana, na hao wakifa, wewe huhisi nafuu. Waliolala huuawa polepole. Ukiacha dawa mwezi wa pili, unawaachia hao uwanja, na ugonjwa unaweza kurudi.

Kumeza leo na kuruka kesho ni kubaya pia. Bakteria wanaostahimili dawa husalia, huzaana na kuleta kifua kikuu sugu, ambacho huhitaji dawa nyingine zenye madhara zaidi. Anayeambukizwa na mgonjwa wa aina hiyo, hata akiwa mtoto wako, hupata ugonjwa ambao tayari ni sugu.

Fahamu pia kwamba zamani matibabu yalichukua miezi 18 au zaidi. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1972, ulisaidia kuonyesha kwamba miezi 6 ingeweza kutosha. Miezi 6 unayoiona mirefu ndiyo njia ya mkato.

Ufanye nini?

* Meza dawa saa ile ile kila siku. Mwombe mtu mmoja nyumbani akuone ukimeza, kisha tia alama kwenye kalenda.

* Ukitaka kusafiri kwenda mashambani au kuhamia mji mwingine, kiarifu kituo chako mapema ili usikose dawa.

* Usikose kupeleka makohozi yapimwe unapoitwa, hata kama umejisikia vizuri.

* Mkojo ukigeuka rangi ya machungwa, usishtuke. Hiyo ni rifampisini. Lakini macho yakiwa ya manjano, ukitapika mfululizo au macho yakianza kuona vibaya, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Huko ndiko kutaamuliwa kama dawa zisimamishwe au zibadilishwe.

* Epuka pombe, kwa maana ini lako tayari lina kazi ya kutosha.

Kuna jambo moja tu ambalo hupaswi kulifanyia subira. Ikiwa umekohoa kwa wiki 2 au zaidi, unakonda au unatoka jasho usiku, usizunguke madukani ukinunua dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa. Nenda upimwe leo. Subira huanza unapopewa dawa, na huisha siku wahudumu wa afya watakapokuambia kwamba umemaliza matibabu, wala si siku utakapohisi nguvu zimerudi.