Kuhesabu Raundi: Utazamaji wa Ndondi za Zamani kama Zoezi la Uhakiki

Utangulizi

Waswahili husema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwasuta wenye ubinafsi, lakini ina ukweli mpana zaidi. Kila atoaye hukumu ana upande ambao mkono wake umezoea kuuvutia, hata pale anapodhani kwamba anavuta sawasawa. Makala haya yanaichunguza hali hiyo katika uwanja ambao huenda msomaji wa jarida hili hakuutarajia, yaani ulingo wa ndondi. Hoja yetu ni kwamba shabiki anayelitazama upya pambano la zamani na kulitolea alama raundi moja baada ya nyingine anafanya kazi iliyo karibu sana na ya mhakiki wa fasihi. Aidha, kazi hiyo ina kanuni moja ambayo yafaa sisi tunaosoma na kusahihisha kazi za Kiswahili tuiazime: uamuzi wa kila sehemu uandikwe kabla mwisho haujajulikana.

Mazoea haya niliyarithi kwa mjomba wangu anayeishi Nakuru. Sebuleni kwake palikuwa na kanda chache za video. Iliyochakaa zaidi ilikuwa ya pambano la Sugar Ray Leonard na Marvin Hagler, lililopiganwa Las Vegas, Marekani, tarehe 6 Aprili 1987. Mjomba alikuwa na kauli moja tu kuhusu pambano hilo: "Hagler aliibiwa." Nikiwa mtoto niliipokea kauli hiyo kama nilivyopokea kwamba jua huchomoza mashariki. Nilipojiunga na chuo nililitafuta pambano lenyewe kwenye intaneti, nikachukua kalamu na karatasi. Swali langu lilikuwa jepesi: ikiwa aliibiwa, aliibiwa raundi ipi?

Jinsi ya Kutoa Alama

Kabla ya kuendelea, ni vyema tueleze utaratibu wenyewe kwa manufaa ya wasioufahamu. Katika ndondi za kulipwa, majaji watatu huketi pande tofauti za ulingo. Kila raundi huchukua dakika 3, na mwisho wake kila jaji huandika alama zake bila kushauriana na mwenzake. Mshindi wa raundi hupewa alama 10 na aliyeshindwa hupewa 9. Bondia akiangushwa chini, kwa kawaida raundi huwa 10 kwa 8. Jaji anaweza pia kutoa 10 kwa 10, ingawa jambo hilo halipendelewi kwa kuwa huonekana kama kuukwepa uamuzi.

Vigezo vinavyozingatiwa ni vinne. Cha kwanza ni makonde safi yenye athari, yaani yale yanayofika usoni au mwilini bila kuzuiwa. Cha pili ni ushambulizi wenye tija, kwani kumfuata mwenzako ulingoni bila kumpiga si ushambulizi. Cha tatu ni umilikaji wa ulingo, yaani ni nani anayemlazimisha mwenziwe kupigana kwa namna asiyoitaka. Cha nne ni ulinzi.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba kila raundi hujisimamia. Raundi iliyoshindwa kwa konde moja na ile iliyoshindwa kwa makonde 20 zote zaweza kuwa 10 kwa 9. Kwa hiyo, bondia aliyeshinda raundi 7 kwa uchache atamshinda aliyetawala raundi 5 kwa kishindo. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa mashabiki unapochipuka. Shabiki hukumbuka kishindo, ilhali kadi hukumbuka raundi.

Leonard na Hagler, 1987

Hagler alipanda ulingoni akiwa bingwa wa uzani wa kati na ndiye aliyetarajiwa kushinda. Leonard alikuwa amepigana mara moja tu katika muda wa miaka mitano. Hata hivyo, katika mashauriano alikuwa amekubali Hagler apate malipo makubwa zaidi, naye akapata alichokitaka: raundi 12 badala ya 15, glovu nzito zaidi na ulingo mpana wa kukimbilia.

Hagler aliyatumia vibaya mapema ya pambano. Yeye hutanguliza mkono wa kulia na kuuweka wa kushoto nyuma, lakini siku hiyo alianza kwa msimamo wa kawaida, kinyume cha desturi yake. Majaji wote watatu walimpa Leonard raundi mbili za kwanza. Katika raundi ya 3 Hagler aliurejelea msimamo wake, na taratibu akaanza kumfikia mpinzani. Kuelekea mwisho wa raundi ya 5 alimtikisa Leonard kwa konde la kutoka chini. Katika raundi ya 9 alimsukumiza penye kona, na ikawa patashika nguo kuchanika. Leonard alitoka pale kwa kurusha makonde mengi ya haraka. Baada ya raundi 12 kadi zilisomwa. Jaji mmoja alimpa Hagler ushindi wa 115 kwa 113, wa pili akampa Leonard 115 kwa 113, naye wa tatu akampa Leonard 118 kwa 110.

Hebu tuzichambue tarakimu hizi. Alama 118 kwa 110 ni sawa na raundi 10 kwa 2, hesabu ambayo hata mashabiki wengi wa Leonard huiona kuwa imepita kiasi. Alama 115 kwa 113 ni raundi 7 kwa 5. Laiti yule jaji wa pili angempa Hagler raundi moja tu zaidi, kadi yake ingesoma 114 kwa 114, pambano lingekuwa sare na Hagler angebaki na ubingwa wake. Kiini cha mabishano yote haya, tangu 1987, ni raundi moja katika kadi ya mtu mmoja. Hagler hakupigana tena. Aliishi Italia, akaigiza filamu, na hadi alipofariki Machi 2021 hakuacha kuamini kwamba alishinda.

Nami nilipotoa alama mara ya kwanza nilipata 116 kwa 112, Leonard mshindi. Nilishtuka, kwa maana nilikuwa nimeketi kumtetea Hagler wa mjomba. Majuma mawili baadaye nililitazama tena pambano, safari hii nikiwa nimezima sauti. Nilipata 114 kwa 114. Raundi mbili, ya 6 na ya 10, zilikuwa zimehama. Nilizirudia kuona kilichonihadaa. Leonard alikuwa na mbinu ya kuungoja mwisho wa raundi, kisha katika sekunde 30 za mwisho akaachilia mfululizo wa makonde ya kasi. Mengi yalitua kwenye mikono ya Hagler, lakini umati ulipiga mayowe na watangazaji wakapaza sauti. Mayowe hayo ndiyo niliyokuwa nimeyapa alama.

Yasidhaniwe kwamba nadai Leonard hakustahili. Hesabu ya makonde inayonukuliwa sana yaonyesha kwamba alifikisha 306 kati ya 629 aliyorusha, ilhali Hagler alifikisha 291 kati ya 792. Mbinu ya kuumaliza muda kwa mbwembwe nayo ni sehemu ya sanaa yake. Ninalosema ni kwamba sikuwa na haki ya kuihesabu mbinu hiyo mara mbili: mara moja kwa macho na mara ya pili kwa masikio.

Kumbukumbu na Kadi

Ikiwa sauti yaweza kutupotosha, kumbukumbu hutupotosha zaidi. Chukua pambano la Muhammad Ali na George Foreman lililofanyika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Wengi hulisimulia hivi: Ali aliegemea kamba, akapigwa raundi saba mfululizo, kisha katika raundi ya 8 muujiza ukatokea na Foreman akaanguka. Ni masimulizi matamu, yenye muundo wa ngano zetu za sungura na fisi, mnyonge kumshinda mwenye nguvu kwa ujanja. Tatizo ni kwamba, kabla ya Foreman kuanguka, Ali alikuwa akiongoza katika kadi zote tatu. Kila aliyetazama kwa kalamu aliona kwamba hata akiwa ameegemea kamba Ali alikuwa akipiga, tena makonde safi, mengi yakiwa ya mkono wa kulia usoni. Mwisho wa hadithi ndio uliozigeuza raundi za awali kuwa mateso matupu. Tulipojua alishinda vipi, tukasahau kwamba alikuwa akishinda tangu hapo.

Je, Mashine Ingeamua?

Huenda mtu akauliza: kwa nini tusimwondoe binadamu katika uamuzi? Swali hili liliulizwa kwa uchungu baada ya Olimpiki za Seoul za 1988. Katika fainali moja, Mmarekani Roy Jones Jr. alihesabiwa kufikisha makonde 86 dhidi ya 32 ya mwenyeji Park Si-hun, lakini majaji watatu kati ya watano wakampa Park dhahabu. Katika michezo iyo hiyo Robert Wangila wetu alishinda dhahabu ya uzani wa welta, na katika fainali yake hakuwaachia majaji neno: alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya 2. Sisi Wakenya twaujua pia uchungu wa upande wa pili. Mwaka 1968 nchini Mexico, Philip Waruinge alituzwa Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likitolewa kwa bondia mwenye ustadi kuliko wote katika Olimpiki, ilhali shingoni alivaa medali ya shaba. Waliokiri ustadi wake hawakuwa wamempa fainali.

Kufuatia fedheha ya Seoul, Olimpiki za Barcelona za 1992 zilitumia kompyuta. Majaji watano walibonyeza vitufe kila walipoona konde limefika, na konde likahesabiwa pale tu walipobonyeza watatu au zaidi karibu kwa wakati mmoja. Lakini mabondia walijifunza upesi. Walianza kupigana kwa kugusa na kurudi nyuma, kwani mguso hafifu ulikuwa sawa na kombora. Hatimaye mfumo huo uliachwa, na katika Olimpiki za Rio za 2016 majaji walikuwa wamerejea kwenye alama 10 kwa kila raundi.

Mwanafunzi wa ushairi ataitambua hali hii. Tarbia yaweza kuwa na mizani 16 katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikaoana bila dosari, na bado lisiwe shairi la kukumbukwa. Anayehesabu mizani pekee ni sawa na kompyuta ya Barcelona. Vilevile anayesema "limenigusa tu" bila kuonyesha ubeti uliomgusa hana tofauti na shabiki anayepiga mayowe. Njia iliyo kati ya hizi mbili ni ya binadamu mwenye vigezo, anayeandika uamuzi wake sehemu kwa sehemu na kuwa tayari kuulizwa.

Funzo kwa Mhakiki

Mwaka uliopita nilisaidia kusahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mmoja wao alinijia na insha yake, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, samahani, hizi alama nilizikosea wapi?" Niligeuza kurasa. Pambizoni hapakuwa na lolote hadi mwisho, ambapo nilikuwa nimeandika "Jitahidi zaidi" na 11 kwa 20. Sikuwa na jibu. Mimi niliyemuuliza mjomba raundi ipi, niliulizwa aya ipi nikanyamaza.

Jioni hiyo nilizichukua insha zote 32, nikafunika alama za awali na kuzisoma upya aya kwa aya, nikiandika uamuzi wa kila aya kabla ya kuifungua inayofuata. Insha tisa zilibadilika: sita zilipanda na tatu zikashuka. Zile tatu zilikuwa na sifa moja. Zilihitimishwa kwa methali zilizopangwa vizuri na maneno mazito, baada ya kurasa zenye hoja chache. Zilikuwa na sekunde zao 30. Insha ya yule mwanafunzi ilipanda kutoka 11 hadi 14. Yeye alikuwa amejenga hoja zake vyema tangu mwanzo, kisha muda ukamwishia na hitimisho lake likawa sentensi moja. Nilimweleza mhadhiri msimamizi kosa langu, naye alizipitia insha zile tisa kabla ya alama kuwasilishwa.

Kutokana na tajriba hii napendekeza mambo matatu. Mosi, anayehakiki riwaya au diwani aandike maoni yake ya kila sura au shairi kabla ya kusonga mbele, na asiyafute hata akibadili msimamo. Pili, azime sauti. Kwetu sisi sauti ni jina la mwandishi jaladani, dibaji ya msomi maarufu na tuzo zilizotajwa. Tatu, mabishano yetu semina yaanze na sehemu. Badala ya kuuliza kama riwaya ni nzuri au mbaya, tuulizane ni katika sura ipi tulianza kutofautiana.

Hitimisho

Kutoa alama raundi baada ya raundi hakuondoi tofauti za maoni. Majaji watatu wa Las Vegas walikuwa na vigezo vilevile na bado hawakuafikiana. Faida yake ni kuwa tofauti hupata mahali pa kuonyeshwa kwa kidole, na mwenye kudai aliibiwa huweza kutaja alichoibiwa.

Likizo ya Desemba nilimpelekea mjomba kadi tupu yenye raundi 12. Aliguna, akasema macho yake hayahitaji karatasi, kisha akavaa miwani. Tulitazama pambano zima bila sauti, naye akaandika kila raundi kwa kalamu yake mwenyewe. Alipojumlisha alipata 115 kwa 113, Hagler mshindi. Aliitazama kadi kwa muda, akanionyesha raundi mbili alizotilia alama ya kuuliza. Hadi leo mjomba hushikilia kwamba Hagler alishinda. Lakini tangu siku hiyo sijamsikia akisema kwamba aliibiwa.