Dondoo muhimu: Ukungu wa Lushoto na kamera yako

Kipimamwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, ndiyo maana ukungu mweupe wa asubuhi juu ya msitu wa Magamba hutoka kijivu kama moshi wa kuni. Weka kamera kwenye M, yaani mpangilio wa mkono: tundu la lenzi f/8, ISO 200, kisha punguza kasi ya shata, tuseme kutoka 1/250 hadi 1/125, mwanga uingie maradufu. Utaambiwa kompyuta itarekebisha picha baadaye. Kweli, kwa kiasi. Ila ukiing'arisha picha yenye giza, vivuli hujaa chengachenga. Na pale kwenye miamba ya Irente, tambarare ya Mazinde iliyo chini ikiwaka jua nawe uko kivulini, anga likishaungua, yaani likitoka jeupe tupu, halina cha kurudishwa. Hapo pima anga kwanza, miamba ifuate.