Uzima Tele Huanzia Ndani

SOMO LA ROBO MWAKA
Soma: Luka 15:11-24 na Luka 5:1-11



Wapendwa wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, sisi wa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria tunajua maana ya wingi. Miaka ya 1990 viwanda vya sangara viliongezeka. Minofu ilikwenda Ulaya, na wengi wetu tulinunua mapanki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa hofu kwamba baadhi yao walivuliwa kwa sumu. Hata mvuvi asiyemwaga tone moja la sumu alikosa soko.

Anayemwaga sumu haonwi na mtu, ila Mungu na dhamiri yake. Hupata samaki wengi kwa muda mfupi, na ufukwe mzima hulipa. Hasara hiyo huanzia moyoni kabla ya kufika majini.

1. Mwana mpotevu. Tazama aya ya 17. Kabla hajaondoka kwenye nguruwe, kijana huyu alijirudi kwanza. Ndipo akakumbuka kwamba kwa baba yake hata vibarua wanashiba na chakula kinabaki. Chakula hicho kilikuwapo siku zote; yeye ndiye aliyekuwa mbali na nafsi yake.

2. Petro. Baada ya usiku mzima bila kitu, nyavu zilijaa hadi kuanza kukatika. Petro hakuhesabu samaki. Alianguka magotini pa Yesu na kukiri kuwa ni mwenye dhambi. Neema ilimfanya ajione alivyo, kisha akapewa kazi kubwa zaidi ya uvuvi.

3. Sisi. Somo hili halimwambii maskini aridhike na mapanki. Mwenye njaa apewe chakula, si mahubiri peke yake. Lakini mara nyingi kikao chetu hufunguliwa kwa daftari la fedha na kufungwa kwa daftari hilo hilo. Fedha za mradi mikononi mwa kamati yenye dhamiri iliyolala ni kama samaki wa sumu: leo ni nyingi, kesho hakuna anayetuamini. Nawe mfadhili, jiulize kama unatoa kwa upendo au ili jina lako lisomwe.

Tunapendekeza kila kikao kianze kwa dakika 5 za kimya, kila mtu akijichunguza mbele ya Mungu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:
- Ni jambo gani tunalifanya gizani ambalo tusingelifanya mchana?
- Ni vipaji gani Mungu ametupa tayari, nasi hatujaviona?
- Nani ameumia kwa kosa letu, na tutamrudishiaje haki yake?

Mungu atujalie moyo unaojitambua. Amina.