Chaji ya Umeme, na Sababu ya Radi

Katika lugha yetu neno umeme ni moja, kwa mmweko wa mawinguni na kwa nguvu iwashayo taa. Neno hili halikukosea, kwa maana asili ya vyote viwili ni moja, nayo huitwa chaji ya umeme. Yafaa walimu na wakuu wa vijiji waijue, kwani ujuzi huu huokoa maisha.

Wayunani wa kale waliona kuwa kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Wewe nawe, msomaji, jaribu siku ya ukavu: sugua chanuo la plastiki kwa kitambaa cha sufu, kisha ulisogeze karibu na vijipande vya karatasi. Utaona karatasi zarukia chanuo.

Je, sababu yake nini? Kila kitu kimefanyizwa kwa atomu, na ndani ya atomu mna chaji za namna mbili, chanya na hasi. Kiini cha atomu kina chaji chanya. Elektroni, alizozigundua J. J. Thomson wa Uingereza mwaka 1897, zina chaji hasi. Kwa kawaida chaji hizo hulingana, wala hatuoni dalili yo yote. Ukisugua, elektroni huhama kutoka katika sufu na kuingia katika chanuo. Basi chanuo huwa hasi, na sufu huwa chanya. Angalia kwamba kusugua hakuumbi chaji, huihamisha tu.

Kanuni ni hii: chaji za namna moja husukumana, na chaji zisizo za namna moja huvutana. Mwaka 1785 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alionyesha kuwa umbali ukizidi mara mbili, nguvu hiyo hupungua hata robo.

Sasa tutazame mawingu. Ndani ya wingu kubwa la mvua vipande vya barafu hugongana, na chaji huhama kama ilivyohama kati ya sufu na chanuo. Mara nyingi upande wa chini wa wingu huwa hasi, nao huvuta chaji chanya katika ardhi iliyo chini yake. Hewa huzizuia zisikutane. Lakini zikizidi mno, hewa hushindwa, na chaji hupita kwa ghafula. Hiyo ndiyo radi. Mara nyingi hupita katika kitu kirefu, kama mti, kwa kuwa kiko karibu zaidi na wingu.

Kwa hiyo mtu asijikinge mvua chini ya mti. Wanafunzi na waingie katika nyumba imara mara wasikiapo ngurumo.

Tena, wako waogopao kumgusa mtu aliyepigwa na radi, wakidhani umeme ungali mwilini mwake. Sivyo, chaji imekwisha kupita na kuingia ardhini. (Aliyeshikwa na waya wa umeme ni habari nyingine: huyo asiguswe mpaka umeme ukatwe.) Aliyepigwa na radi asaidiwe papo hapo. Kama hapumui, akandamizwe kifua kwa nguvu na kupuliziwa pumzi, huku mwingine akikimbilia mganga wa hospitali. Huenda aliyedhaniwa amekufa akapona, iwapo jirani yake hakuogopa kumshika.