SOMO: Sipre mbele ya depo, tawi likikauka halirudi



Koperative moja milimani ilipanda sipre nyembamba, zile zinasimama kama nguzo, mstari mzuri kutoka barabara mpaka mlango wa depo. Kiangazi cha tatu zikaanza kugeuka rangi ya kahawia toka ndani. Wanachama wakatuuliza: tufanye namna gani? Sisi maagronome tukajibu haraka: ni kiu, ongezeni maji. Wakamwaga maji, na miti ikaendelea kukauka. Tulipofungua matawi na mikono ndipo tukaona: kumbe ni vidukari, wale wengine wanaita chawa wa majani. Tulikuwa tumechelewa.

Kwa nini kuchelewa ni hatari? Mgrevilea ukikatwa unachipuka tena. Sipre haiko vile. Tawi lake likibaki bila majani mabichi, halitoi mengine. Tundu linabaki hapo siku zote. Kwa hiyo kazi yote ya sipre ni kuangalia mapema.

KUPANDA

1. Chagua mche wenye shina moja lililonyooka, na matawi yanayopanda juu karibu na shina. Mbegu za sipre ya nguzo hazitoi zote miti myembamba; zingine zinapanuka. Basi chagua kwa macho kwenye pepinieri, na ukatae mche wenye majani ya kahawia.

2. Panda mvua ikiisha kushika, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi cha mwezi wa sita.

3. Chimba shimo la sentimeta 50 kila upande. Udongo wa juu uweke pembeni, uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Toa sashe yote. Usipande mahali maji yanasimama: mizizi itaoza.

4. Acha mita 2 kati ya mti na mti, na usikaribishe mti kwenye ukuta. Maharagi na mboga viwe mbali, kwa sababu mizizi inanyang'anya maji na chakula.

KUTUNZA

Viangazi viwili vya kwanza, mwagia mara mbili kwa juma, karibu lita 10 kila mti. Funika chini na majani makavu, lakini yasiguse shina. Jembe lisipite karibu ya shina, na mbuzi asifungwe hapo. Ukipunguza matawi, kata ncha za kijani tu.

KUANGALIA VIDUKARI

Adui huyu alionekana Malawi mwaka 1986. Kufika 1990 alikuwa Kenya, na alienea pia katika inchi za jirani na kuharibu sipre nyingi. Anafyonza utomvu wa vitawi. Kiangazi ni wakati wa kumfuatilia sana, maana mti wenye kiu unashindwa upesi.

Kila juma, fungua matawi na uangalie ndani. Alama ni hizi:
- sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina;
- majani yananata kama asali;
- kuna weusi kama masizi juu ya matawi;
- vidukari wa rangi ya kahawia wamejipanga kwenye vitawi.

Ukiwaona wakiwa wachache, kata kitawi hicho na ukichome. Wakiwa wengi, kwangua gramu 50 za sabuni ya kipande, yeyusha ndani ya lita 10 za maji, jaribu kwanza kwenye tawi moja. Kesho yake, kama halikuungua, nyunyiza asubuhi mpaka ndani ya matawi. Rudia kisha juma moja. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi usiwaue: wanakula vidukari.

Usihamishe mche wala tawi toka mahali penye ugonjwa.

Ile koperative iling'oa miti yake iliyokufa, ikapanda mipya. Sasa kila juma mwanachama mmoja ana zamu ya kufungua matawi. Kazi yenyewe haimalizi nusu saa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwetu, nani ana zamu ya kuangalia miti ya uani?
2. Sipre ikigeuka kahawia, tutajuaje kama ni kiu ao ni vidukari?
3. Miche yetu inatoka pepinieri gani, na nani aliikagua?