Somo: Kutunza Nakala za Akiba Bila Kujaza Diski

Ndugu wanakamati na wafadhili,

Majina ya watoto tunaowasomesha, ada na risiti zenu tunavitunza kwenye seva. Mwaka mmoja diski ilijaa, tukaacha kuchukua nakala za akiba. Wiki ya tatu seva ikaharibika. Tulikaa mwezi mzima tukiandika upya risiti kutoka vitabu vya sharika, na nyingine hazikupatikana. Tulijifunza haya:

1. Tusinakili kila kitu kila siku. Tuseme kanzidata ina gigabaiti 10. Nakala kamili za siku 28 ni gigabaiti 280. Tukichukua nakala kamili Jumapili tu, na siku 6 zinazobaki tukachukua mabadiliko ya siku hiyo, tuseme megabaiti 200, jumla haifiki gigabaiti 45. Angalizo: nakala hizi ni kama mnyororo. Pete moja ikikatika, zinazofuata hazifai hadi nakala kamili nyingine.

2. Tubane nakala. Maandishi na tarakimu hubanwa vizuri kwa kuwa hujirudia. Picha za JPEG hazipungui sana, maana zimekwisha kubanwa. Zitunzwe kando, zisinakiliwe upya kila wiki.

3. Tufute kwa utaratibu. Tubaki na nakala zote za mwezi huu, kisha nakala kamili moja kwa kila mwezi uliopita. Tusifute nakala kamili ambayo mabadiliko yake bado tunayategemea.

4. Nakala moja ikae nje ya ofisi. Moto au mwizi hachagui.

5. Tujaribu kurejesha. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya data za seva yake kuu. Nakala za kila siku zilikuwa zinashindikana bila wahusika kujua, kwani barua pepe za tahadhari hazikuwafikia. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla, na kazi ya saa hizo ikapotea. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Maswali ya kujadili:
(a) Nani katika usharika wetu ana jukumu la nakala, na nani humsaidia akisafiri?
(b) Mara ya mwisho tulirejesha nakala lini?

Wafadhili wapendwa, diski ya pili si anasa. Ndiyo inayotuwezesha kuwaonyesha sadaka yenu ilikokwenda.